Mizani Nane

Mizani ya kinu cha kahawa pale Moshi, jirani na reli,
ni ya tangu mwaka tisini na nne:
bamba la chuma, kioo cha tarakimu sita,
na kisogoni mlango mmoja wa pini tisa
ambao miaka yote haukuwahi kubishwa.
Mama Ndekirwa ndiye aliyekuwa mdomo wake.
Gunia likipanda anasoma, likishuka ameshaandika,
vumbi la maganda limemweupisha nyusi.
Alipostaafu, wakaniita mimi.

Nilikwenda na kisanduku kama kipande cha sabuni ya mche:
upande huu pini tisa, upande ule tundu la waya wa mtandao.
Nikakipa anwani, namba nne zenye nukta katikati,
nikarudi Arusha, chumbani kwangu Sakina, nikaita.

Ikanitapikia.
Alama za kuuliza, herufi zilizokatika viuno.
Haikuwa wazimu: mimi nilisikiliza kwa kasi ya elfu tisa mia sita,
yenyewe, ya kizamani, inasema kwa elfu mbili mia nne.
Nikapunguza mwendo. Mwenda pole hajikwai.
Ikatamka:

     Neno langu biti nane,
     mbele moja ya kuanza,
     nyuma moja tutengane,
     shahidi sikumtunza.
     Niulize tuonane,
     nikikosea, nifunza.

Nikacheka peke yangu.
Kidato cha tatu nilifeli ushairi,
mwalimu akinigongea mizani kwa rula mezani,
na sasa chuma cha Moshi kinanirudisha darasani.

Basi neno langu likawa linapita Usa, Boma Ng'ombe, Kikafu,
bila nauli, bila kuchafuka.
Nikituma P, inataja uzito.
Nikituma Z, inarudi sifuri.
Sitini. Sitini. Sitini na nusu. Sitini.

Mpaka usiku mmoja, saa saba, kinu kimefungwa,
ikasema hamsini na nane nukta mbili.
Si gunia. Gunia halipumui,
na hii tarakimu ya mwisho ilikuwa inacheza:
mbili, tatu, mbili.

Mchomvu, mlinzi.
Kwanza namba kubwa, kisha pungufu ya kilo tatu:
amevua koti, amevua mabuti,
mizani imwambie ukweli wote.
Wiki ya pili, hamsini na saba.
Masika yalipokolea, hamsini na tano na kitu.
Saa saba ileile. Hakumwambia mtu;
alikiambia chuma, na chuma, kwa kazi yangu mwenyewe,
kikaniambia mimi.

Kinu hakikuniajiri kupima watu.
Ningeweza kutuma Z, herufi moja tu,
na Mchomvu angekuwa sifuri
angali amesimama.

Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa arobaini na moja:
kioo kinaandikika kutoka mbali,
nafasi sita, kila moja vijiti saba.
Nikamwaga njiti za kiberiti mezani, nikajaribu.
M haikai, kwa hiyo jina lake haliandikiki.
K haikai. Karibu haiwezekani.
W ya wasiwasi, wala hiyo.
P ikakaa.
O ikakaa.
L. E.

Nikatuma.

Hamsini na tatu nukta tisa haikushuka.
Dakika nne nzima.
Tarakimu ya mwisho ilitetemeka kuliko siku zote.

Kisha sifuri.
Kisha hamsini na tatu. Sifuri.
Hamsini na tatu. Sifuri.
Hamsini na tatu.

Mara tatu. Nani asiyeijua hodi?

Asubuhi nikamwambia bosi kuna waya umelegea Moshi.
Nikatia begini bisibisi
ambayo sikuwa na kazi nayo.