Mkwaruzo Usio Wetu

Ombeni ameniletea santuri mpya kutoka Hamburg,
nzito, nyeusi tii, bado ina nailoni.
Nyimbo kumi za Njoro Stesheni Jazz. Jaladani vijana saba,
suruali pana, na nyuma yao mlima wa kuchora,
maana siku ya picha wenyewe ulikataa kutoka.
Bei siitaji. Baba angeomba kiti kwanza.

Ya baba ni ndogo, tundu kubwa katikati,
wimbo mmoja kwa kila upande. Jalada lilishakwenda.
Inalala ndani ya bahasha ya chama cha ushirika
iliyoandikwa kwa wino wa zambarau: Kahawa, Malipo ya Pili.
Hayo malipo ndiyo hiyo santuri.

Leo Jumapili, umeme upo.
Fundi Msechu amepanda kutoka Pasua
na kitambaa chake cha flana.
Hanywi chai mpaka asikilize.

Mpya kwanza. Loo, besi!
Miaka hamsini nilidhani wimbo huu hauna besi,
kumbe ilizama chini ya vumbi la Majengo.
Gitaa la pili limejitenga na la kwanza
kama chuya na mchele kwenye ungo.
"Sikia usafi huo," anasema Ombeni.
Msechu anafuta miwani, anairudisha puani.
"Umepigwa pasi mno," anasema.
"Tarumbeta halina tena mate."

Kisha ya baba.
Naweka senti tano juu ya kichwa cha sindano,
ile ya zamani, samaki akitazama dari;
bila yeye haitulii.
Chwaa, chwaa, mafuta ya vitumbua,
halafu sauti, kama inatoka chumba cha uani
cha nyumba yenye watu wengi.
Na pale pa "nitakungoja ste—"
inaruka.
Imeruka hapo tangu usiku mama alipogonga meza,
akasema: muziki huo au mimi.
Baba aliinyanyua sindano haraka kuliko ilivyotaka.
Sisi watoto tuliuimba na mruko wake;
mpaka leo stesheni, kwangu, ina silabi moja.

"Irudie mpya," nasema. Sijui kwa nini.
Ubeti wa tatu, kabla tu ya tarumbeta:
tk. tk. tk.
Msechu anainua kidole.
Santuri haijamaliza hata saa moja nje ya nailoni yake!
Ombeni anapekua kijitabu cha ndani, anatusomea taratibu:
kanda ya studio haikuonekana,
wamenakili kutoka santuri iliyookotwa mnadani,
mwenyewe hajulikani.

Basi kulikuwa na nyumba nyingine.
Boma Ng'ombe labda, labda Usa, labda hapa hapa
nyuma ya soko la Kiboriloni.
Mafundi wa Hamburg wamefuta moshi wa jiko lao,
wamefuta vumbi lao, wakafika hapo
wakashindwa, au waliona haya.

Msechu sasa anaomba chai, sukari vijiko vitatu.
"Haya, ipi bora?" Ombeni anauliza,
kwa sauti ya mtu aliyelipa ushuru.

Sijamjibu. Narudisha sindano nyuma kidogo.
tk. tk. tk.
Nani aligonga meza huko,
na huyo mwingine
alichagua nini?