Ufunguo wa Stoo

Ufunguo ulikuwa wangu. Naanza hapo
nisije nikajificha nyuma ya neno "shule".
Mimi, karani wa stoo, niliufunga kwa kamba ya kiatu
nikautia mfuko wa kulia, pamoja na leso.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jikoni,
hatua nne kwa tatu, madawati yaliyovunjika miguu,
dirisha lililozibwa kwa bati tangu enzi za kiwanda,
Webuye ilipokuwa ikinuka karatasi hadi mtoni.
Naibu mwalimu mkuu alikiita Chumba cha Kujirudi.
Wanafunzi walikiita Friji.
Kwenye daftari langu hakikuwa na jina:
mwanafunzi, kidato, kuingia, kutoka.

Khaoya, kidato cha pili. Siku nne.
Kosa: alikataa kupiga magoti.
Nilimpelekea uji saa nne, githeri saa saba,
nikiweka bakuli sakafuni bila kumtazama usoni,
kama mtu anayelisha mbwa wa jirani.
Siku ya kwanza alisema asante.
Siku ya tatu hakusema.

Kisha akaja Nasambu Wekhomba, mwalimu wa sanaa,
wa muda, wa vipindi viwili kwa wiki,
somo ambalo ratiba hulisukuma Ijumaa jioni.
Hakugomba na mtu. Aliniomba makaa ya jikoni
na maboksi ya sabuni niliyokuwa nimeyatupa.
"Mliokaa mle," akawaambia, "choreni mlichokiona.
Msichore mlivyohisi. Hilo nitaliona mwenyewe."

Namaemba alichora miguu ya dawati,
yote mitatu, na mahali pa ule wa nne.
Mwingine alichora bakuli. Bakuli, na mkono
ulioishia kwenye kiwiko. Niliutambua kwa saa yangu.

Khaoya alisugua makaa mpaka vidole vikang'aa,
boksi zima giza,
ila uzi mmoja chini, mwembamba, rangi ya boksi lenyewe.
"Huu mwanga wa chini ya mlango, umeuchora na nini?"
"Sikuuchora, mwalimu. Niliuacha."

Jumatatu, kabla ya kengele ya gwaride,
walikipima chumba kwa nyayo
(ni mimi niliyewafungulia, sikuomba ruhusa)
wakakihamishia uwanjani kwa chokaa:
kuta nne za unga mweupe juu ya udongo mwekundu,
mlango, madawati, ule uzi.
Aliyetaka aliingia, dakika moja, peke yake,
shule nzima ikimtazama na hakuna wa kumsemesha.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husemwa.
Asubuhi ile tulikuwa maiti kwa zamu.

Mpishi aliingia, akacheka, akaacha kucheka.
Naibu akatazama saa,
akatazama mawingu upande wa Chetambe,
akauvuka mstari kwa kiatu kilichopigwa rangi.
Sijui aliona nini mle.
Nilichokiona mimi ni mikono yake: haikujua pa kukaa.
Dakika ikaisha, hakutoka.
Alipotoka, alizunguka apitie mlangoni,
pale palipochorwa mlango,
ingawa kuta zote zilikuwa unga.

Mvua ya saa tisa ikafuta kila kitu.

Chumba cha kweli kingalipo. Hakikubomolewa,
mambo hayaendi hivyo.
Muhula huu ameingizwa mmoja tu, saa mbili, mlango wazi,
na Nasambu akaketi naye juu ya dawati bovu
wakichonga penseli, hawasemi.
Khaoya hanisalimu. Sidai.
Ufunguo bado uko mfukoni. Uliingia makaa
sijui siku gani, na leso yangu imeshika doa.
Nimelifua kwa sabuni ya kipande, nimelianika juani.
Linafifia kidogo, halafu nautia tena ufunguo.