Saa Tisa Usiku, Umoja

Saa tisa, moyo waamka kabla yangu,
unahesabu kodi, unahesabu karo,
unahesabu hata mbwa wa jirani.

Zamani ningewasha jiko papo hapo:
chai ya rangi, vijiko vitatu vya majani,
sukari ya kumlewesha nyuki,
kisha nishangae mikono kutetemeka.

Muuguzi Nyaboke hakunipa dawa siku ile.
Aliuliza, "Jana jioni ulikula nini?"
Nikajibu, "Simu."
Alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa simu inalala jikoni, ndani ya ndoo ya unga.
Nakula mapema, managu na ugali wa wimbi,
na asubuhi natembea hadi Donholm,
nikiwapita wauza mitumba wakikung'uta mashati
kama wanaokung'uta ndoto mbaya.

Sala yangu nayo imepungua maneno.
Nilizoea kumsomea Mungu orodha;
siku hizi nakaa kitandani, nyayo kwenye saruji baridi,
nasema "Upo," napumua,
"Nipo," napumua.

Hofu haijasahau njia.
Jana ilirudi, haikuvua viatu.
Nikaisogezea kiti,
nikachemsha maji matupu,
tukamngoja sote wawili
jogoo wa Mama Kwamboka,
ambaye naye hajui saa.