Masikio

Nyuma ya kila picha kuna muhuri wa Mgiriki:
jina lake, mtaa, sanduku la posta.
La nyanya yangu Numbi halipo.

Alikaa chumba cha nyuma, Elisabethville,
kabla mji haujaitwa Lubumbashi,
dirisha likitazama bomba la moshi la kiwanda
na lile lima jeusi la masalia ya shaba.
Nje rangi zilikuwa tele,
udongo mwekundu mpaka ndani ya soksi za watoto.
Picha tu ndizo zilizotoka majini zikiwa majivu.

Pamba kwenye njiti ya kiberiti. Chupa sita.
Tone la rangi, mate kidogo
(mate, ndiyo, Mgiriki hakujua),
na shavu la mtu linarudi duniani.

"Mama, kikwembe chako ni cha rangi gani?"
"Cha manjano," anajibu mwenye cha kahawia
kilichofuliwa mpaka kikachoka.
Numbi anapaka manjano. Haulizi mara mbili.

Mjane wa fundi wa tanuru aliomba tai.
"Nyekundu. Hakuwahi kuvaa."
Tai ile ilimchukua siku tatu.

Lakini hereni alizigawa bila kuombwa.
Aliyeingia masikio matupu
alitoka na nukta mbili za kijani,
kijani cha malakiti iliyovunjwa sasa hivi.
Kamalondo, ndoa zikatikisika:
"Hizo nani amekununulia?"
"Kamuulize mpiga picha."
Mpiga picha akaulizwa,
akafuta kioo cha kamera, akafuta tena.

Filamu za rangi zilipofika kwenye makasha yake,
Mgiriki alimlipa mwezi mmoja, akamwachia chupa.
"Sasa mashine inajua yenyewe."
"Inajua ilichokiona," Numbi akasema,
akafunga chupa zake ndani ya kitambaa.

Sasa mimi ndiye ninayebisha hodi.
Wananifungulia masanduku, mabahasha, Biblia.
Muhuri siugeuzi kuutazama.
Natazama masikio.

Jana, kwa Mama Mwadi, miaka themanini na ushei,
nilizipata: mbili, bado mbichi.
"Hizo hereni!" alisema. "Niliziuza mwaka ule wa shida,
tukala unga wiki nzima."
Na akagusa sikio lake,
laini, zima,
lisilowahi kutobolewa.