Mapato ya Mwaka Juzi

Fomu inauliza: mzazi wako alipata kiasi gani mwaka juzi?
Mama anaifunika karatasi ya kodi kwa kiganja,
kiganja kilichochubuliwa na sabuni ya mashuka ya wazee,
kama anayefunika chungu watu wasijue hakina mboga.

Nje, Butte imelala chini ya theluji
na ule mlima uliochimbuliwa shaba hadi ukageuka shimo.
Babu Vukovich alishuka mle. Alipanda na kikohozi.
Hakuna kisanduku cha kikohozi.

Tuna hadi saa sita usiku. Kompyuta ya kuazima shuleni
inakoroma kama paka mgonjwa.
Idadi ya watu katika kaya: naandika watatu.
"Wawili," Mama anasema. "Danica kaolewa."
Nafuta. Dada yangu anatoweka kwa kidole kimoja.

Akiba? Sifuri.
Hisa? Sifuri.
Shamba, biashara, nyumba ya pili?
Mama anacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili:
"Waandikie hii ya kwanza inavuja."

Ajabu ya ufukara, unadaiwa ushahidi.
Tajiri huaminiwa kwa viatu vyake;
sisi tuthibitishe kwa risiti, kwa sahihi, kwa tarakimu tisa,
kwamba hatuna, na kwamba kutokuwa nacho
si uvivu wala si hila.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, nimeinama.
Hawakusema kama na mama yangu atainamishwa.

Kisha anauondoa mkono,
kidole baada ya kidole.

Elfu ishirini na mbili, mia nne na kumi na saba.

Nasoma tena.
Ndani ya namba hiyo mlitoka viatu vyangu vya kikapu,
waya ulionyoosha meno yangu,
keki ya miaka kumi na sita,
petroli ya kwenda Missoula kukitazama chuo,
na soda moja njiani.
Yeye alisema hana kiu.

"Usinitazame hivyo, Tessa. Bonyeza."

Nabonyeza. Saa tano na dakika hamsini na moja.
Kigurudumu kinazunguka, kinazunguka, kinasita.
Maombi yamepokelewa.
Hayajakubaliwa; yamepokelewa,
kama mgeni aliyeambiwa angoje barazani.

Mama anazima taa ya jikoni, bili isipande.
Gizani namsikia akifungua bomba,
akinywa maji, glasi nzima,
halafu nyingine.