Upana wa Msumeno

Imelala kwenye meza ya jikoni, juu ya gazeti la juzi,
kitako kwangu, mdomo dirishani
kwenye mvua ya Reefton isiyojua kuchoka.
Bunduki ya jeshi, ya mwaka wa kumi na saba.
Mhuri wa taji ungali shingoni, umelika
kama sura kwenye sarafu iliyopita mikono mingi.

Bwana Leggat amekuja nayo magari mawili ya maneno
na sanduku moja la vipuri, kutoka Timaru.
Alipachika miwani juu ya miwani,
akavuta komeo, akachungulia mtutu,
akafyonza meno.
"Nani aliyeitenda hivi?"
Utadhani anauliza habari za punda aliyepigwa.

Ni babu. Athol Pascoe, masika ya hamsini na moja,
kwa msumeno wa fundi bomba,
bunduki kaibana magotini mlangoni pa kibanda.
Serikali ilimlipa kwa mkia:
kulungu walioletwa na meli walikuwa wakiula mlima hadi mfupa,
na mtu anayepanda wiki sita na unga, chumvi na risasi
habebi mbao ya gwaride.
Akaikata. Akapigilia shavuni pa kitako
ngozi ya kiatu chake cha kushoto.
Mama Ngaire alituambia kipande kiliishia motoni,
kikachemsha chai.

Leggat anazitandaza sehemu zake:
mbao ya jozi, pete, pua ya chuma ya kushikia singe.
"Miezi miwili, itakuwa kama ilivyotoka kiwandani.
Bei mara tatu."
Sibishani na hesabu. Paa langu linavuja.
"Maji yakimwagika hayazoleki," nikasema.
"Inategemea sakafu," akajibu,
kisha, polepole zaidi:
"Kabla ya babu yako aliibeba mtu mwingine, matopeni.
Jina lake hatulijui. Naye je?"

Hapo sikuwa na jibu. Hata sasa.

Akatoka kwenda msalani, nyuma ya banda la kuku,
na hakurudi.
Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, miwani yote miwili usoni,
mkononi ana kabari ya mlango wa banda,
kabari ileile niliyoipiga teke kila asubuhi
tangu nikiwa na miaka mitano.
Ya kijivu, imedonolewa na kuku.
Akaipangusa kwa shati lake.
Nambari ikatokea.

Tukaviweka pamoja mezani, kipande kwa kipande.
Hakuna aliyesema kitu.
Vilikutana, mshipa wa mbao kwa mshipa,
ila katikati palibaki mwanya mwembamba kama sarafu:
kile meno ya msumeno yalichokula
kikawa vumbi miguuni pa Athol.
"Hapo naweza kujaza," Leggat akasema.
Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nimebaki na mafuta ya kitani na kitambaa.
Chuma nitakipaka, kutu isiendelee kula.
Ngozi ya kiatu siigusi.
Sanduku lake ameliacha kwangu hadi Jumanne,
na Jumanne huenda nikawa mtu mwingine, paa likivuja zaidi.

Usiku upepo umeanza, mlango wa banda unapiga, unapiga,
kuku wanalalamika.
Nimevaa koti. Nimechukua kabari mezani,
nimeirudisha kazini.