Herufi Elfu Tano na Mia Tatu

Arvid ameniwekea kompyuta mezani
kama mtu aletaye chungu alichopika mwenyewe,
kisha akasimama nyuma ya kiti changu, hapumui.
"Soma tu, dada. Angalia tahajia, basi."
Nje, theluji imeing'ang'ania Duluth tangu Jumatatu,
na greda la manispaa linaukwangua mtaa wetu
hadi kwenye lami, hadi kwenye mfupa.

Herufi elfu tano na mia tatu,
nafasi nazo zinahesabiwa.
Kwa hao wa vyuo vya udaktari hata kimya kina bei.

Aya ya kwanza: darubini ya utotoni.
Hatukuwa na darubini.
Tulikuwa na lenzi ya baba ya kufungia ndoana,
na Arvid aliitumia kuunguza sisimizi.
Naruka. Darubini na ibaki, kila mwombaji ana yake.

Aya ya pili: zahanati, kujitolea, jumla ya saa.

Aya ya tatu ni mama.
*Nilimshika mkono mpaka pumzi yake ya mwisho,
na hapo ndipo nilipoujua wito wangu.*

Nasoma mara mbili. Najikuna kiwiko.
Sentensi imenyooka, koma imekaa pahali pake.
Ila mkono huo, ewe mtoto wa mama yangu,
mkono huo ulikuwa wangu.

Ni mimi niliyeshika beseni.
Ni mimi niliyeandika saa za mofini
nyuma ya bili ya gesi: saa mbili, saa sita, saa kumi,
niliyemtilia vipande vya barafu mdomoni
kimoja kimoja, kama alishaye kinda.
Wewe ulikuwa maegeshoni, ghorofa ya tatu,
injini inanguruma, hita imefunguliwa hadi mwisho.
Risiti niliikuta mfukoni mwa koti lako
nilipolipeleka kwa dobi kabla ya mazishi:
saa tatu na dakika arobaini, dola kumi na moja.
Sikukuambia. Miaka miwili nimeitunza
kwenye kopo la vifungo.

Nainuka, nalileta kopo.

Anaitazama risiti. Masikio yanamwiva.
"Mshauri wangu alisema hawaioni huruma yangu.
Aliandika pembeni kwa wino wa kijani: *Huruma zaidi.*"
Huruma zaidi. Kama chumvi.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Na mficha woga, tena atakaye kutibu watu,
yeye ataumbuliwa na mgonjwa yupi?

"Liandike gari," namwambia.
"Nani atamchukua daktari aliyejificha garini?"
"Sijui. Mimi nauza matairi, Arvid, nitajuaje?
Ila usiku ule muuguzi mmoja alitoroka,
akaenda ngazini kulia, nilimsikia.
Akarudi uso umeoshwa, kola imelowa,
akamgeuza mama ubavu, na mama hakugumia.
Huyo ningemchukua."

Anafuta. Tik, tik, tik,
mkono wangu unatoka kwenye aya yake
herufi moja moja.
Anaandika: *Nilikuwa garini.*
Anakaa.
Greda limefika konani, linageuka.

Kisha, bila kunitazama:
"Ulikuwa wa baridi? Mkono wake?"
"Wa baridi. Isipokuwa kidole gumba.
Gumba lilibaki na joto hadi mwisho, sijui kwa nini."
Vidole vyake vinasogea kwenye vitufe.
"Hapana," nasema. "Hilo usiandike.
Nimekupa wewe, sikuwapa wao."

Zimebaki herufi mia nne na sita.
Ananiuliza azijaze nini.
Namwambia kwanza akachukue koleo, afungue njia ya mlangoni,
leo siku ya tatu tarishi anatupita.